Mgeni Njoo, Mwenyeji Alale Wapi?

Mwenye kutafuta mji wa kupendeza macho hakosi kusikia jina la Queenstown, katika kisiwa cha kusini cha New Zealand. Mji huu umekaa ukingoni mwa ziwa Wakatipu, lenye urefu wa kiasi cha kilomita 80. Karibu nao imesimama safu ya milima ya Remarkables, ambayo wakati kwetu kusi linapovuma, kwao huwa nyeupe kwa theluji. Maji ya ziwa hilo hupanda na kushuka kidogo kidogo mchana kutwa. Wamaori, ambao ndio wenyeji wa asili, husimulia kwamba chini yake mna moyo wa jitu liitwalo Matau, nao ungali ukipiga.

Lakini watu hawaendi huko kutazama tu. Mwaka 1988, A. J. Hackett na Henry van Asch walianzisha biashara katika daraja la mto Kawarau. Mtu hufungwa miguu kwa kamba ya mpira, kisha hujitupa kutoka urefu wa mita 43. Wengine hupasua maji ya mto Shotover kwa motaboti katikati ya majabali, na wengine huteleza thelujini. Mzee wa kwetu atauliza: mtu mwenye akili zake alipe fedha ili aogofywe? Naam, hulipa, tena hungoja zamu. Mwaka 1862 watu walikimbilia huko kwa ajili ya dhahabu. Dhahabu ya leo ni mgeni.

Swali letu ni hili: yule kijana aifungaye kamba, na yule mama atandikaye vitanda vya hoteli, wao hulala wapi? Nyumba nyingi hupangishwa wageni kwa siku, au zimenunuliwa na matajiri waishio mbali. Kodi imepanda hata mshahara haufui dafu. Mwaka 2022 na 2023 zilienea habari za watu wenye kazi zao waliokuwa wakilala ndani ya magari, na baridi ya huko si ya mchezo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.

Tusiwacheke wenzetu. Nani kati yetu asiyejua habari za nyumba za mawe za Lamu na Shela zilizokwisha kununuliwa na wageni? Mwenye kuuza hafanyi kosa, kwani shida haina adabu. Lakini mtaa ukiuzwa nyumba moja moja, mwisho hubaki kuta nzuri bila ya wenyewe.

Watu wa Queenstown hawakukaa kitako. Tangu 2007 wanayo amana ya nyumba, na wajenzi wakubwa wametoa sehemu ya viwanja au fedha kuitia nguvu. Katika mpango wake mmoja, familia hununua nyumba, lakini ardhi hubaki ya amana. Wakitaka kuhama, huirudisha nyumba kwa amana, wala hawaiuzi kwa bei ya soko. Wanaongoja bado ni wengi kuliko nyumba zilizopo, lakini mlango umefunguliwa.

Msomaji wetu ameshatambua kwamba jambo hili lina jamaa yake hapa kwetu. Mali isiyouzwa wala kurithiwa, faida yake ikiwaendea watu kizazi hata kizazi, sisi twaiita wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu misikiti, visima, mashamba na majumba. Basi kwa nini wenye uwezo leo wasiweke wakfu nyumba za kukaa mwalimu, mvuvi na mfanyakazi wa hoteli, katika mitaa ile ile waliyozaliwa?

Mwenye nafasi ya kwenda Queenstown na aende, aone ziwa na milima. Lakini akirudi asituletee picha ya daraja peke yake. Atuletee na habari za nyumba zile.