Mgongo wa Mbwa na Dhamiri ya Mfugaji

Wakati wa likizo tulitembelea familia moja ya jumuiya ndogo ndogo. Uani tulimkuta mbwa wao jike akijikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikiburuzika. Alikuwa dachshund, mbwa wa mwili mrefu na miguu mifupi. Siku mbili kabla alikuwa akirukaruka kwenye kochi. Mtoto wa nyumba akatuuliza, “Mafrateri, mbwa naye anaombewa?” Tuliomba. Lakini tuliondoka na swali jingine: ni nani aliyemfikisha hapo?

Aina hii ya mbwa ilikuzwa Ujerumani ili iingie mashimoni kuwinda mnyama aliye jamaa ya nyegere. Kizazi baada ya kizazi, watu walichagua wenye miguu mifupi, na bila kujua wakachagua pia ugonjwa. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, visahani vyenye ute katikati, vinavyopunguza mshtuko. Kwa mbwa hawa ute huo hukauka mapema na kuwa mgumu kama chokaa. Siku moja diski hupasuka na kugandamiza neva zilizo ndani ya uti. Mbwa hulia kwa maumivu, hupooza, hushindwa hata kuzuia mkojo. Wengine hupona kwa kupumzishwa au kwa upasuaji; wengine hawatembei tena.

Zamani mfugaji aliweza kusema hakujua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, katika kromosomu ya 12, inahusiana na ugonjwa huu. Kipimo chake kipo. Hata hivyo, kwa dachshund kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa wengi mno wanayo nakala hiyo. Ndiyo maana Denmark na Ufini mbwa hupigwa picha za eksirei wakiwa na umri wa miaka miwili hadi minne, diski zilizogeuka chokaa zikahesabiwa, na wenye nyingi wasitumike kuzalisha.

Katekisimu, namba 2418, inafundisha kwamba kumtesa mnyama pasipo sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Tukisoma fundisho hilo, humfikiria mtu mwenye fimbo. Sisi tunaona linamhusu pia anayepandisha mbwa wa ukoo unaopooza kwa kuwa watoto wao wanapendeza na wana bei. Maumivu anayoyasababisha hutokea miaka kadhaa baadaye, katika nyumba ya mtu mwingine, naye hayaoni.

Wapo watakaosema: watu wanalala njaa, ninyi mnalilia mbwa? Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino aliona kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama huuhamishia kwa wanadamu. Tena, anayeuziwa mtoto wa mbwa bila kuambiwa kwamba mama yake alipooza ni mwanadamu, na amedanganywa.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kununua, omba kuwaona wazazi wote wawili. Uliza umri wao, na kama kuna ndugu yao aliyewahi kuugua mgongo. Ugonjwa huu hujitokeza zaidi kati ya miaka mitatu na saba. Anayezalisha mbwa wa mwaka mmoja hajaupa ukweli nafasi ya kuonekana. Na aliyekwisha kuugua asipandishwe kamwe, hata akipona.

Turudi kwenye ile familia. Mbwa yule alikuwa na binti wa mwaka mmoja, aliyekuwa akisubiri kupandishwa, na majirani wawili walikuwa wameshalipia watoto wake. Tulimwomba mama wa nyumba aache, na awaeleze majirani sababu. Alinyamaza kwa muda, kisha akatuambia fedha ile ilikuwa ya ada ya shule. Hatukuwa na jibu la kumpunguzia mzigo huo. Tunakiri kwamba tulimwomba jambo zito, na bado tunaamini lilikuwa la haki. Jumuiya inayokubaliana nasi ianze kwa kumsaidia mama kama huyo kupata ada.