Raia wa Ng'ambo: Ng'ambo ya Nani?

Huwaambia wanafunzi wangu kwamba neno linaloifuata nomino huja ama kuongeza ama kupunguza. "Mwalimu hodari" ni mwalimu na ziada. "Mwalimu wa muda" hufundisha vipindi vile vile, ila haki zake ni pungufu. Walimu wanaelewa nisemalo.

Hebu basi tulitazame neno raia mikononi mwa Waingereza. Sheria yao ya 1981, iliyoanza kutumika 1983, iliwagawa waliokuwa Raia wa Uingereza na Makoloni katika mafungu matatu: Raia wa Uingereza, Raia wa Maeneo Tegemezi, na Raia wa Uingereza wa Ng'ambo. Ni fungu la kwanza tu lililokuwa na haki ya kuingia na kuishi Uingereza. Wenyeji wa kisiwa cha St Helena, ambao hati ya Mfalme Charles wa Pili ya 1673 iliwahesabu kama waliozaliwa Uingereza, walijikuta tegemezi. Watu wa Falkland walipewa uraia kamili mwaka uo huo wa 1983, baada ya vita vya 1982. St Helena haikuvamiwa na mtu, ikangoja.

Ilingoja hadi 2002. Mwezi wa Februari neno "tegemezi" likafutwa, pakaandikwa "ng'ambo". Uraia kamili ulikuja Mei, isipokuwa kwa wale ambao uhusiano wao ni na kambi za kijeshi za Cyprus pekee. Kwa takriban miezi mitatu, basi, watu walikuwa na jina jipya na haki zile zile za zamani. Sijui mfano bora zaidi wa tafsida.

Na ng'ambo ni ng'ambo ya nani? Mjini Unguja kuna mtaa uitwao Ng'ambo, kwa kuwa aliyeuita hivyo alisimama Mji Mkongwe akitazama upande wa pili wa hori. Hapa Kenya pia twalijua jambo hili: Waasia waliobaki na pasipoti za Uingereza walifungiwa mlango kwa sheria ya 1968, kisha wengi wakatiwa katika fungu la tatu 1983.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza tuwaiteje basi. Nilimjibu kwamba kisiwa kina jina. Asemaye "raia wa St Helena" halazimiki kusimama London kwanza.