Deni Linalobeba Jina la Mtoto

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walinena wahenga, wala hawakukosea. Hata hivyo, wahenga hao hawakuishi katika zama ambapo mzazi aliyeondolewa mwana wake na serikali huandikiwa barua ya kumtaka alipie gharama za mwana huyo kukaa mikononi mwa wengine. Kwa miongo kadhaa hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa katika majimbo mengi ya Marekani, na licha ya marekebisho ya miaka ya karibuni utaratibu huo haujakoma kote.

Chanzo chake ni sheria mbili. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliweka mpango ambao kwao serikali kuu husaidia majimbo kugharimia malezi ya kambo, yaani mtoto kuishi kwa mlezi mwingine baada ya mahakama kuamua kwamba kwao si salama. Mwaka 1984 likaongeza sharti: pale inapofaa, jimbo lichukue haki ya kudai matunzo kutoka kwa wazazi wa mtoto huyo ili kufidia fedha zilizotumika. Maneno "pale inapofaa" yalikuwa mlango mpana, na kila jimbo liliupitia lilivyopenda. Wazo lenyewe, kwa hakika, ni kongwe kuliko Bunge hilo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1854 kuhusu watoto wahalifu iliruhusu mzazi atozwe hadi shilingi 5 kwa juma mtoto awapo katika shule ya kurekebisha tabia.

La ajabu zaidi ni nani anayedaiwa. Serikali kuu hulirejeshea jimbo sehemu ya gharama kupitia mpango huo iwapo tu familia aliyotolewa mtoto ilikuwa maskini, tena kwa vipimo vya ruzuku ya zamani kama vilivyokuwa tarehe 16 Julai 1996, vipimo ambavyo havikupandishwa kufuatana na mfumko wa bei. Kwa maneno mengine, sharti la kudai fidia liliwalenga wazazi ambao serikali hiyohiyo ilikwisha kuthibitisha kwa karatasi kwamba hawana kitu. Isitoshe, sababu inayotajwa mara nyingi zaidi mtoto anapoondolewa kwao si kipigo bali ni kutotunzwa ipasavyo, jambo ambalo aghalabu huwa vigumu kulitenganisha na ufukara: nyumba isiyofaa, chakula haba, mtoto kuachwa peke yake mama anapokwenda kazini.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Kuzaa, wanasema, ni kuwajibika, na mlipa kodi hana sababu ya kubeba mzigo wa mzazi mzembe. Msomaji wa Kenya hatakosa kuona mwangwi wa hoja hiyo katika Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachowapa baba na mama jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Lakini na tukisome kifungu hicho vizuri. Matunzo yanayotajwa pale ni haki ya mtoto. Mwenye kudai ni mtoto, na mwenye kupokea ni mtoto. Katika utaratibu wa Marekani, fedha zilizokusanywa kwa kawaida zilikwenda kwenye hazina ya jimbo na ya serikali kuu. Mtoto hakununuliwa hata kiatu.

Yapo pia majira ya saa, na hapa ndipo hoja ya watetezi inapovunjika mguu. Sheria ya mwaka 1997 inalitaka jimbo, isipokuwa kwa sababu maalumu, liombe mahakama ikate haki za mzazi mtoto akishakaa katika malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22. Uchunguzi wa Maria Cancian na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 na uliotumia takwimu za jimbo la Wisconsin, ulionyesha kwamba agizo la malipo likizidi kwa dola 100 kwa mwezi, kurudi kwa mtoto nyumbani huchelewa kwa takribani miezi 6.6. Mzazi anayetakiwa apate nyumba bora ndipo arejeshewe mwana anapunguziwa kodi ya nyumba hiyohiyo na anayemtaka aipate. Asipolipa, mshahara hukatwa, marejesho ya kodi huzuiwa, leseni ya udereva huweza kufungwa. Naye bila gari hafiki kazini wala kwenye siku za kumwona mtoto alizopangiwa. Katika North Carolina sheria inakwenda mbali zaidi: kushindwa kwa makusudi, kwa miezi 6, kulipa sehemu ya haki ya gharama za malezi ni sababu inayotosha kumkatia mzazi haki zake. "Kwa makusudi" ni neno la kisheria, na ni hakimu anayelipima. Hata hivyo, si kila mzazi anayesimama mbele yake ana ufasaha wa kueleza tofauti kati ya kutotaka na kutoweza.

Daniel Hatcher, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Baltimore, aliandika kwa kirefu kuhusu mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya majimbo yanavyochuma kwa wanyonge. Redio ya umma ya Marekani ililifanyia suala hili uchunguzi mrefu mwaka 2021. Mwaka 2022 serikali kuu iliyashauri majimbo yaache kudai fidia hiyo isipokuwa katika hali za nadra sana, na mwaka huohuo California ikapitisha sheria inayochukulia kwamba madai ya namna hii yanaelekea kumzuia mtoto kurudi kwao. Jimbo hilo lilikwisha kupiga marufuku, tangu tarehe 1 Januari 2018, kuwatoza wazazi gharama za watoto waliowekwa kizuizini. Ni hatua njema. Ila ushauri si sheria, sharti la mwaka 1984 halikufutwa kwa ushauri huo, na kuacha kudai leo hakufuti chenyewe deni lililoandikwa jana.

Kwa nini jambo hili liwashughulishe wanafunzi wa Kiswahili? Maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makao Marekani, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, na ofisi za huko hutafsiri nyaraka kwa ajili yao. Katika Kiingereza cha mahakama, fedha anazodaiwa mzazi huitwa kwa jina lilelile la fedha ambazo baba aliyeachana na mama hutoa kwa ajili ya mwanawe. Mfasiri aliyefunzwa vyema ataandika "matunzo ya mtoto", istilahi sahihi na iliyokubalika. Mama atakayeisoma barua hiyo ataelewa kwamba anatoa posho ya mwanawe. Atakopa, atauza, atalipa, kisha siku ya kumwona mtoto atamuuliza mlezi wa kambo kama fedha zilifika. Usahihi wa istilahi utakuwa umemdanganya. Mfasiri huyo hana mamlaka ya kubadili sheria, lakini anaweza kuandika "fidia kwa serikali kwa gharama za malezi ya kambo", na mama akajua tangu siku ya kwanza anamlipa nani, na akaenda mahakamani kuomba nafuu akiwa na hoja iliyo sawa na madai yanayomkabili.