Jedwali Halipo: Funzo la Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuyajenga kwa wanafunzi wake ni tabia ya kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kuirekebisha. Tabia hii haijengwi kwa mawaidha, bali kwa mifano na mazoezi. Katika makala hii tunapendekeza mfano mmoja kutoka katika kazi za kompyuta, nao ni ule ujumbe usemao kwamba jedwali halipo.

Programu kubwa zinazoendesha kazi za mashirika, kama vile mishahara, bohari na orodha za wanafunzi, huweka habari zake katika hifadhidata. Tangu E. F. Codd alipotangaza nadharia yake mwaka 1970, hifadhidata nyingi zimepangwa kwa majedwali yenye safu wima na safu mlalo, mfano wa daftari la mahudhurio. Programu huliita kila jedwali kwa jina lake. Lisipopatikana, kazi husimama na ujumbe hutolewa. Katika Oracle ujumbe huo una namba ORA-00942; katika MySQL namba yake ni 1146, na katika SQL Server ni 208.

Asiyefundishwa huusoma ujumbe huo akaamini papo hapo kwamba jedwali limepotea. Basi huunda jedwali jipya, tupu, lenye jina lile lile. Ujumbe hutoweka na programu huendelea, lakini taarifa ya mwisho wa mwezi hutoka ikiwa na sifuri, hali majina halisi yangalipo mahali pengine. Hitilafu iliyokuwa wazi sasa imefichwa, na iliyofichwa ni ngumu zaidi kuitibu.

Fundi mwenye utaratibu hujiuliza maswali kwa mpango. Kwanza, je, programu imeunganishwa na hifadhidata iliyokusudiwa, au ile ya majaribio? Pili, je, jina limeandikwa sawasawa? MySQL ikiwa katika Linux kwa kawaida hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya majedwali, lakini katika Windows haitofautishi. Kwa hiyo programu iliyofanya kazi vizuri katika mashine moja yaweza kukwama ikihamishiwa nyingine. Tatu, je, jedwali limo katika fungu jingine la hifadhidata ile ile, ambako programu haikuelekezwa kutafuta? Nne, je, anayeuliza ana idhini? Oracle hutoa ORA-00942 hata pale jedwali lipo, iwapo mtumiaji hakuruhusiwa kulisoma. Kutokuwapo na kutoruhusiwa hutamkwa kwa maneno yale yale.

Maswali hayo yakiisha kujibiwa, ndipo fundi anapoweza kusema kwamba jedwali halipo kweli. Hata hapo huuliza sababu: huenda toleo jipya la programu liliwekwa bila kutekeleza amri za kuunda majedwali yake, au nakala ya akiba haikurudishwa yote. Dawa hufuata sababu.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wahandisi, na kwamba shule nyingi hazina kompyuta za kutosha. Hatukubaliani nao. Kinachofundishwa hapa ni mpango wa kufikiri, nao hauhitaji umeme. Mwalimu na aandae makasha matatu ya karatasi yenye madaftari ndani yake, kisha amtume mwanafunzi alete daftari la “Wanafunzi”. Mara nyingine daftari liandikwe “Mwanafunzi”. Mara nyingine liwekwe katika kasha lisilotarajiwa. Mara nyingine lishikwe na kiranja asiyelitoa mpaka aone cheti cha ruhusa. Na mara moja lisiwepo kabisa. Kila asemaye “halipo” aulizwe: umetafuta katika kasha lipi, kwa jina gani, na kwa ruhusa ya nani? Majibu yaandikwe ubaoni kwa mfuatano, na darasa lenyewe litunge kanuni zake. Kipindi kimoja chatosha.

Lakini funzo hili lamhusu mwalimu mwenyewe zaidi ya mwanafunzi. Mtoto anapoulizwa swali akanyamaza, ni rahisi kuamua kwamba hana kitu kichwani na kuanza kumfundisha upya tangu mwanzo. Huenda anajua kutoa, ila ameulizwa “tafuta tofauti”, jina ambalo hakulizoea. Huenda alijifunza jambo hilo katika somo la Sayansi, naye anaulizwa katika Hisabati. Huenda anajua barabara, lakini hofu ya fimbo au ya kuchekwa imemnyima idhini ya kusema. Kimya cha asiyejua na kimya cha anayeogopa husikika sawa.

Yatupasa basi, sisi tunaojiandaa na tunaoandaa wengine kwa kazi hii, tujizoeze kubadili jina la swali, kubadili mahali pa kuuliza, na kuondoa hofu, kabla ya kuandika katika daftari la maendeleo kwamba mtoto hajui. Neno hilo likiisha kuandikwa, mwalimu wa mwaka unaofuata atalisoma na kuliamini.