Miwani haitibu rangi: Kwa nini mvulana wa Mtae apimwe macho mara mbili

Ukisimama ukingoni Mtae siku isiyo na ukungu, unaona tambarare za Mkomazi chini kabisa na, ukibahatika, Kilimanjaro kwa mbali. Mwanafunzi asiyeona mbali hapo haambulii kitu. Mwenye upofu wa rangi anaona yote, ila nyanya mbichi na iliyoiva kwake zinakaribiana.

Ni matatizo mawili tofauti, lakini mtaani tunayaweka kapu moja: "Huyo macho mabovu, mnunulieni miwani." Kosa hilo sasa linaweza kumgharimu mtoto fani yake.

Kutoona mbali ni nini?

Mara nyingi mboni ya jicho imerefuka kupita kawaida, hivyo picha inatua kabla ya kufika kwenye retina. Ubao unakuwa na ukungu, daftari linasomeka. Wavulana na wasichana wote wanapata, na miwani inasaidia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kwa wanafunzi zaidi ya 2,500 wa sekondari jijini Mwanza ulikuta asilimia 5.6 hawaoni mbali. Kati ya waliokuwa na matatizo ya aina hiyo yanayohitaji miwani, takriban watatu tu katika kila kumi walikuwa nayo. Hiyo ni mjini. Mtae, ambako kufika Lushoto mjini ni zaidi ya kilomita 50 za kona na milima, kupata miwani ni safari ya siku nzima.

Na rangi je?

Hapa jinsia inahusika sana. Vinasaba vya kutofautisha nyekundu na kijani vipo kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, kutoka kwa mama. Ikiwa na hitilafu, hana akiba. Msichana ana mbili, mpaka zote ziwe na hitilafu ndipo apate tatizo.

Ndiyo maana kwa watu wenye asili ya Ulaya karibu wanaume 8 kati ya 100 wana tatizo hili, wakati wanawake ni kama mmoja kati ya 200. Afrika kiwango huwa chini ya hapo, lakini mtindo ni uleule. Tatizo linaweza kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu kupitia mama ambaye mwenyewe anaona rangi zote vizuri tu. Hakuna mkono wa mtu hapo.

Hata kwa wasio na tatizo kuna tofauti ndogo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo cha Brooklyn, New York, walionyesha kuwa wanaume na wanawake hawaoni rangi sawasawa kabisa: majani ambayo mwanamke anayaona kijani, mwanaume anaweza kuyaona yana unjano kidogo.

Yanakutana wapi?

Kutoona mbali kwa kawaida hakubadilishi rangi, kunazifanya zikose kingo tu. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Kuna hata ugonjwa adimu wa kurithi, uliotambuliwa kwenye familia yenye asili ya kisiwa cha Bornholm, Denmark, unaowapa wanaume uoni hafifu wa mbali na tatizo la rangi kwa pamoja.

Sasa fikiria kijana amepewa miwani, ubao anausoma, kila mtu anafurahi. Halafu bado anachanganya rangi za ramani na mwalimu anamwona mzembe. Kumbe nusu ya tatizo haikupimwa.

Kwa nini sasa?

Mwaka 2024 Tanzania ilianza mitaala mipya yenye mkondo wa amali sekondari. Mtoto anaingia kwenye fani mapema, na baadhi ya fani, kama umeme, zinategemea rangi. Kwenye mfumo wa zamani wa nyaya wa Uingereza, nyekundu ilikuwa waya wenye umeme na kijani waya wa ardhi. Ukichanganya hizo mbili, hakuna masahihisho.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Kitabu cha Ishihara, chenye namba zilizofichwa kwenye vidoti vya rangi, kipo tangu 1917 na kinachukua dakika chache kwa mtoto mmoja. Kitabu kimoja kinaweza kuzunguka shule nyingi. Anayetumia miwani aivae wakati wa kupimwa, la sivyo atashindwa kwa sababu ya ukungu, si rangi.

Na wewe unayesoma hapa kwenye simu: vipimo vya mtandaoni vichukulie kama dokezo tu, maana mwanga wa kioo na hali ya usiku vinabadilisha rangi. Majibu ya uhakika yanatoka kwa mtaalamu wa macho.

Upofu wa rangi wa kuzaliwa hauna tiba iliyozoeleka, na miwani ya rangi inayotangazwa haiponyi. Lakini kijana akijua mapema, anachagua fani akiwa na taarifa kamili. Kwa hiyo mzazi, kabla mwanao hajajaza fomu ya fani, uliza shule swali moja: rangi amepimwa?