Kicheko Kazini: Ni Nani Anayechekwa?

Wako viongozi wa kazi wanaoamini kwamba kazi na mzaha ni paka na panya, havikai chumba kimoja. Kwao fundisho la biashara ni jambo la uso uliokunjwa, ubao na hesabu. Anayecheka katika darasa hilo hakuja kujifunza. Wako na wengine, ambao wamegeukia upande wa pili kabisa. Hao humkodi mchekeshaji, wakawakusanya wafanyakazi ukumbini, watu wakacheka hata machozi yakawatoka, na kesho yake mambo yakawa yale yale. Makundi yote mawili yamekosea. Kicheko chaweza kufundisha biashara, na kimekwisha kufundisha. Lakini kina masharti yake, na sharti la kwanza ni kujua ni nani anayechekwa.

Tutazame mambo yalivyokuwa Uingereza. Mwaka 1972 ilianzishwa London kampuni ya kutengeneza filamu za mafunzo ya kazi, iitwayo Video Arts. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa John Cleese, mchekeshaji aliyekwisha kujipatia jina katika kundi la Monty Python, na Antony Jay, aliyepata kufanya kazi katika BBC. Njia yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Kwanza walilionyesha kosa waziwazi, likakuzwa mpaka watu wakacheka. Kisha, watu wakiwa bado wamefumbua macho, wakaonyesha namna ya kulitenda jambo lile lile vizuri.

Filamu yao moja ya mwanzo, Who Sold You This, Then?, ilimhusu fundi aendaye kwa wateja kutengeneza mashine zilizoharibika. Fundi yule ni hodari wa mikono. Lakini kila afikapo huanza kuidharau bidhaa ya kampuni yake mwenyewe na kumcheka aliyeiuza. Akiondoka, mashine imepona na biashara imekufa. Fundisho lenyewe ni la kweli: mteja haoni idara, huona kampuni moja tu, na neno la fundi mlangoni lina uzito kuliko tangazo. Hata hivyo, yafaa tutambue kwamba aliyechekwa hapo ni mfanyakazi. Filamu ya namna hiyo kila mwajiri angeinunua kwa furaha.

Iliyo kubwa zaidi ilikuja mwaka 1976, nayo ni Meetings, Bloody Meetings. Hapo aliyetiwa kizimbani ni mkubwa wa kazi. Meneja anaota kwamba ameshtakiwa mahakamani kwa kosa la kuendesha mikutano vibaya, naye Cleese akacheza nafasi zote mbili, ya mshtakiwa na ya hakimu. Mashtaka yalikuwa ya kawaida kabisa. Hakufikiri kabla kwamba mkutano ni wa nini. Hakuwaarifu wenzake watakachozungumza. Hakuyatayarisha mambo kwa taratibu yake. Hakuyaongoza mazungumzo. Mwisho hakujumlisha yaliyokubaliwa wala kuyaandika. Filamu hiyo ilienea sana katika mafunzo ya kazi, nasi twaona sababu yake ni dhahiri. Wafanyakazi waliiona haki ikitendeka, na mameneja waliwaona mameneja wenzao, au walijidanganya hivyo.

Mwaka 1977 Cleese alishirikiana na mchekeshaji mwingine, Ronnie Corbett, katika filamu ya The Balance Sheet Barrier. Humo meneja wa kampuni kubwa, ambaye hajui kusoma hesabu za mizania, anafundishwa na mwenye biashara ndogo. Mdogo alimfundisha mkubwa, kwa kuwa mwenye biashara ndogo huijua fedha kwa njaa yake. Tuuweke mfano huo dukani kwetu. Chama cha ushirika kimenunua sukari kwa shilingi 200,000, kikaiuza kwa shilingi 260,000, lakini yote kwa mkopo. Daftari linasema faida ni 60,000. Wanachama wanapiga makofi. Juma la pili lori la sukari limefika, na sandukuni hamna hata senti ya kuilipia. Faida ipo, fedha haipo. Mwalimu aweza kulieleza jambo hilo kwa saa nzima na watu wasinzie. Mchekeshaji mwenye akili, akimwigiza mweka hazina anayekula sikukuu ya faida huku akijificha chini ya meza ili mwenye lori asimwone, amemaliza somo kwa dakika tano, wala halisahauliki.

Huko Chicago, nyumba ya vichekesho iitwayo The Second City, iliyoanzishwa mwaka 1959, nayo imefundisha watu wa makampuni kwa mbinu za jukwaani. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Jennifer Aaker na Naomi Bagdonas wamewafundisha wanafunzi wa biashara somo la ucheshi. Mchekeshaji asimamaye peke yake na kipaza sauti ana biashara yake ya kutufunza. Huijaribu bidhaa yake mbele ya watu wachache kwanza. Wasipocheka, hawalaumu, huikata au huigeuza. Hukumu ya soko humfikia papo hapo, tena hadharani. Ni viongozi wangapi wa kazi wanaokubali kupimwa hivyo?

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari ili tujue kwa nini mzaha hufundisha. Sisi tuna utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita katika karne ya 19, hata hivyo wajukuu wao wakawa watani. Mtani huja msibani akamcheka marehemu kwa ubahili wake mbele ya wafiwa, wala hapana wa kumshika shati. Amepewa ruhusa ya kusema ambalo ndugu hawezi kulisema. Hiyo ndiyo nguvu ya mchekeshaji mahali pa kazi. Karani akisema kwamba mkubwa huchelewesha malipo, ameonekana mkorofi. Mchekeshaji akiliigiza jambo hilo, mkubwa mwenyewe hucheka, na akishacheka amekwisha kukiri.

Basi hatari iko hapa. Utani una pande mbili: leo wewe, kesho mimi. Mchekeshaji anayelipwa na mwajiri, akapewa na orodha ya mambo yasiyoguswa, hana utani tena, amekuwa tarumbeta. Atamcheka mfagizi kwa viatu vyake, tarishi kwa lafudhi ya kwao, mama lishe kwa hesabu za vidole. Wote hao hawawezi kumjibu. Namna hiyo haifundishi biashara, hufundisha dharau, na dharau kazini huzaa uzembe na wizi. Ubaya mwingine ni kicheko kinachotumiwa kama kileo. Mshahara umechelewa, mashine ni mbovu, malalamiko yamejaa kabatini. Kisha huletwa mchekeshaji ili watu wasahau. Mfanyakazi hahitaji kusahaulishwa. Ahitaji kulipwa.

Kwa hiyo twasema kwamba vyama vya wafanyakazi na vya ushirika visiiache silaha hii mikononi mwa waajiri peke yao. Vikiitumia, vishike mambo matatu. Kwanza, mchekeshaji akae siku kadhaa na watu wa kazi, gerezani kwa mafundi, ghalani na dirishani pa malipo, kwani mzaha usiotokana na kuona kwa macho ni kelele. Pili, kichekwe kitendo, kisichekwe kilema, kabila wala umaskini wa mtu. Na wa kwanza kuguswa awe mwenyekiti. Tatu, kicheko kikiisha mlango usifunguliwe bado. Watu waulizwe kosa walilolicheka liko wapi kwetu, nani atalirekebisha, na kwa siku gani. Majibu yaandikwe.

Wala sisi wanachama tusijione tumekaa upande wa watazamaji tu. Mkutano ulioitwa saa tatu ukaanza saa sita kwa kumngoja mgeni rasmi. Ajenda inayojulikana kwa katibu peke yake. Hotuba za kushukuru hotuba. Na maazimio ambayo hayana mwenye kuyatekeleza. Meneja wa ile filamu ya mwaka 1976 angekaribishwa katika mikutano yetu mingi na asione ugeni wowote. Saa tatu zilizopotea kwa watu mia ni saa mia tatu za kazi, na hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote.

Anayeogopa kuchekwa huficha makosa yake, na makosa yaliyofichwa ndiyo yanayoua maduka, viwanda na vyama. Kiongozi akubaliye kuwa wa kwanza kuchekwa amewapa wenzake ruhusa ya kusema kweli. Hapo ndipo somo la biashara huanza.