Mpeni Mwanagenzi Penseli

Kuna uongo mmoja uliokaa Koboko muda mrefu hata wanaoumizwa nao wanausambaza. Unasema kwamba kuchora mfumo wa umeme ni kazi ya mhandisi na kuufunga ni kazi ya fundi. Kwa hiyo kijana anayejifunza kwa fundi hahitaji penseli, anahitaji tindo na nyundo. Nimeusikia kwa mafundi, nimeusikia kwa wazazi, na tangu nije chuoni nimeusikia kwa wasomi wetu, tena kwa maneno matamu zaidi. Naupinga.

Kabla ya masomo haya nilikuwa mwanagenzi wa umeme Koboko kwa miezi kumi na minne. Asubuhi unatoboa ukuta kwa tindo kupitisha paipu, mchana unavuta nyaya, jioni unafagia vumbi la saruji na kubeba ngazi. Nililipwa shilingi 5,000 kwa siku yenye kazi; siku isiyo na kazi ilikuwa yangu na njaa yangu. Hayo siyalalamikii sana. Ninacholalamikia ni kwamba katika miezi yote hiyo sikuona mchoro hata mmoja ukichorwa. Kwenye nyumba ndogo mchoro ulikuwa kichwani mwa fundi, ukatoka kwa amri: soketi hapa, swichi pale. Kwenye majengo makubwa ulikuja kutoka mbali ukiwa umekunjwa, ukabaki ndani ya gari la mkandarasi, nasi tukaambiwa tu ni ukuta gani wa kutoboa. Wenzangu watatu niliowaacha pale sasa wanajua kufunga kila kitu na hawajui kupanga chochote. Mteja akiwauliza kwa nini waya huu na si ule, hujibu kwamba ndivyo fundi anavyofanya.

Zamani jambo hili lingeweza kuvumilika. Nile Magharibi iliishi nje ya gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECo ilitegemea jenereta, kisha mwaka 2012 kituo kidogo cha Nyagak, cha megawati 3.5, kikazinduliwa kule Zombo, na hata hapo umeme haukututosha. Taa mbili na chaji ya simu hazidai hesabu nyingi. Lakini mwaka 2024 eneo letu liliunganishwa na gridi ya taifa, na mwaka huohuo Karuma yenye megawati 600 ikazinduliwa. Sasa watu wananunua friji, pasi na majiko ya umeme, na wenye vinu vya kusaga wanataka kuachana na dizeli. Mzigo umebadilika. Waya ulio ukutani ni uleule wa taa mbili.

Tuchukue nyumba moja ya kawaida. Kisanduku cha mita kiko mbele na jiko liko nyuma ya uwanja, umbali wa mita 60 (Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, tuvumilie). Mama mwenye nyumba anataka kutumia birika na pasi kwa pamoja, jumla wati 3,000. Gawanya kwa volti 240, unapata ampea 12.5. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ambao mafundi wetu huutia kwenye soketi bila kufikiri, hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha 18 kwa 12.5, kisha kwa 60. Ni milivolti 13,500, yaani volti 13.5. Kanuni za Uingereza za BS 7671 hushauri upotevu usizidi asilimia 5 kwa vifaa visivyo taa. Hapa ni volti 12. Waya umeshindwa. Panda hadi milimita mraba 4, ambao hupoteza takriban milivolti 11, na upotevu unashuka hadi volti 8.25. Umefaulu. Huo ndio usanifu wa umeme, au tuseme mlango wake: kuzidisha na kugawanya.

Volti hizo chache peke yake hazitaunguza nyumba. Kinachounguza ni tabia ya kutohesabu. Mota ya kinu, ikiwashwa moja kwa moja, huweza kuvuta mkondo mara sita hivi ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Breka inakatika. Asiyejua sababu huweka breka kubwa zaidi, kelele za mteja zinaisha, na kuanzia siku hiyo waya uliomo ukutani ndio umegeuka fyuzi.

Nimeandika hesabu nzima kwa Kiswahili, na sidhani kuna msomaji aliyekwama. Basi nani alisema kijana aliyeishia darasa la saba haiwezi? Kwenye saiti za Koboko utamkuta Mkakwa, Mlugbara, kijana kutoka Ingbokolo upande wa Kongo na mwingine aliyevuka Oraba akitokea Sudan Kusini. Wakielewana wote kwa pamoja, mara nyingi wanaelewana kwa Kiswahili. Lugha ya kazi ipo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuishika penseli kwa lugha hiyo.

Mafundi wana hoja yao, nami naiheshimu: mwanagenzi akijua kupanga kazi, kesho ataondoka na wateja. Ni kweli, ataondoka. Lakini hata sasa anaondoka, ila anaondoka na nusu ya ufundi, anaharibu nyumba za watu kwa bei ya chini, na jina linaloharibika mtaani ni la fundi aliyemlea.

Hoja ya wasomi ni usalama. Wanasema mchoro wa mtu asiye na kibali ni hatari. Sijaomba mwanagenzi atie saini. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, hutoa vibali kwa madaraja, na saini ibaki kwa mwenye kibali. Ninachotaka ni mwanagenzi achore kwanza, mwenye kibali asahihishe mbele yake, ndipo atie saini. Huo ni usalama zaidi ya tulio nao. Nimewahi kuona fomu ikisainiwa na mtu ambaye hakukanyaga jengo lenyewe.

Na sisi wanafunzi wa chuo tusijifiche nyuma ya wakubwa. Mwenzetu wa uhandisi anakuja Koboko kwa mafunzo ya vitendo ya wiki chache, na siku ya kwanza anakabidhiwa mchoro kwa sababu ni msomi. Mwanagenzi wa mwaka wa pili anamshikia ngazi. Mchoro ule unaingia kwenye ripoti ya chuo, unapata alama. Aliyemwonyesha mgeni waya unapita wapi haandikwi popote.

Kwetu sisi wa Kiswahili, aibu ni ya aina nyingine. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge na kukariri mashairi. Darasani tunabishana kama tuseme saketi au mzunguko, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza kijana wa saiti anasemaje.

Likizo ndefu ijayo, wale tunaorudi Nile Magharibi tubebe karatasi za miraba. Tukae na fundi mmoja na wanagenzi wake, tutengeneze ukurasa mmoja wa alama za swichi, soketi, taa na breka, kila moja na jina lake la Kiswahili, ubandikwe ukutani mwa karakana. Na wahadhiri wa uhandisi wanaokagua mafunzo ya vitendo waongeze swali moja kwenye fomu yao: mwanagenzi uliyemkuta pale alichora nini, na nani alimsahihisha?